Mama Bandeji na Mkono wa Fundi

Asubuhi ile Fundi na mkewe waligombana kuhusu shati.

Lilikuwa shati jeupe la mikono mirefu, na kola yake ilikuwa imelika mpaka kitambaa cha ndani kinachungulia. Mkewe alikuwa amelichemsha jana yake kimyakimya, akalianika katikati ya mashuka ili lisionekane. Sasa lilikuwa mezani, limetandazwa, na mkasi uko mkononi.

"Hilo bado linavaliwa," Fundi akasema.

"Na nani?"

"Na mimi."

"Ukilivaa hili hata mbuzi hawakuamkii."

"Nalivaa ndani ya koti."

"Basi vaa koti lenyewe." Akaukata mkono wa kwanza.

Fundi alinuna. Akanywa chai yake amegeukia dirishani. Nyuma yake mkasi ulikuwa unatembea, kisha pasi ya mkaa ikaanza kupita juu ya vipande, upande huu, upande ule. Kila kipande kilikunjwa mara nne na kufungwa ndani ya karatasi safi. Hiyo ilikuwa kazi ya mkewe ya kila mwezi tangu astaafu zahanati: vitambaa vya kuzuia damu, kwa ajili ya karakana ya maseremala na duka la nyama. Kila shuka kuukuu na kila fulana iliyochakaa nyumbani mle ilimalizia safari yake hapo.

Hakikusemwa kingine cha kukumbukwa. Mkewe alimuuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Akajibu ndiyo, bila kugeuka. Angejua, angelitoa shati mwenyewe, na suruali juu yake.

Saa saba mchana mkewe aliiweka pasi chini, akasema, "Kichwa changu," akakaa. Jua halijazama alikuwa ameshaondoka. Hospitali walisema ni mshipa wa damu, umepasuka ndani ya kichwa. Fundi aliwasikiliza. Maisha yake yote yule mama alizuia damu za watu kwa kiganja chake. Hii ilivuja mahali ambapo hakuna kiganja kinachofika.

Matanga yalijaa watu wenye makovu. Muuza nyama alikunja mkono wa shati akawaonyesha wageni mahali kisu kilipopita, na jinsi Mama Bandeji alivyombana pale robo saa nzima huku akimsimulia umbea wa mtaani ili asizimie. Ndivyo walivyomwita, Mama Bandeji, hata watoto wadogo. Mwashi mmoja alivua kiatu. Mama mmoja aliinua kilemba kidogo. Waliokuja kulia waliishia kupimana makovu, na baadhi wakacheka, na kucheka kule hakukumuudhi Fundi hata kidogo.

Yeye hakuonyesha kovu lake. Mkono wake wa kushoto aliulaza juu ya goti, kiganja kimeangalia chini. Makovu ya wenzake yalikuwa ya ajali. La kwake lilikuwa na aibu ndani yake, na hakuna aliyelijua vizuri isipokuwa marehemu na mtu mmoja wa karakana. Lakini anayetaka kumjua mama yule hana budi kulijua kovu lile.

Mama Bandeji hakusomea uuguzi. Aliajiriwa zahanati kufagia. Miaka mitatu alifagia chumba cha vidonda, akaosha mabeseni, akatoa takataka. Siku moja aliletwa mpasua kuni, shoka limemteleza likaingia juu ya goti. Muuguzi alikuwa chumba cha pili anazalisha, mtoto kichwa kimeshatoka, hawezi kuondoka. Mfagiaji akatua ufagio, akanawa, akachukua kitambaa kilichochemshwa, akakikunja, akakikandamiza juu ya jeraha kwa uzito wake wote. Kitambaa kililowa. Hakukitoa. Aliongeza kingine juu yake akaendelea kubana, na mguu akauinua juu ya kiti.

Mpasua kuni akamwambia, "Hebu fungua uone kama imeacha."

"Wewe ukipika wali unafunua chungu kila dakika?"

"Mimi sipiki."

"Ndiyo maana."

Muuguzi alipokuja, mikono bado ina maji ya uzazi, alikuta damu imesimama. Akauliza, "Nani amekufundisha?"

"Hakuna, dada. Ufagio unashika mikono tu. Macho yalikuwa na nafasi."

Tangu siku ile muuguzi alimfundisha, na mwaka uliofuata akahamishiwa kwenye vidonda moja kwa moja. Fundi alimwoa akiwa bado ananuka dawa ya kuoshea sakafu. Alijivunia kazi ya mkewe kuliko yake mwenyewe, ingawa hakuwahi kumwambia. Alidhani anajua.

Sasa karakana ya Fundi nayo ilikuwa na mambo yake. Maseremala wa pale, wote sita, walikuwa na dawa moja ya kukatwa: gundi. Ukijikata unakamua damu ya kwanza, unapaka gundi nyeupe ya mbao, unanyunyizia vumbi laini la msumeno, unapuliza, unarudi kazini. Ndivyo walivyoziba nyufa za mbao, na ngozi waliiona ni ubao mwingine. Kwa mikwaruzo midogo hakuna aliyekufa, kwa hiyo dawa ikapata sifa.

Siku moja Mama Bandeji alimpelekea mumewe chakula cha mchana akamkuta Kipara, rafiki yake Fundi wa tangu ujana, anajiziba kidole.

"Shemeji, unafanya nini hapo?"

"Naziba, shemeji. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wahenga hao."

"Ufa wa ukuta hauna usaha, shemeji. Lete hicho kidole."

Alimburuta mpaka bombani. Akamwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu, mpaka gundi ikatoka yote na Kipara akataja majina ya mababu zake. Kisha akawageukia wote. "Uchafu ukiufungia ndani, umeupa chumba na kitanda. Kidonda chembamba kinachozama ndicho kibaya zaidi, maana hamwoni chini. Bana damu. Ikisimama, osha. Funika kwa kitambaa safi. Njoo zahanati ushonwe kama kinashonwa, uchomwe sindano ya pepopunda. Msitie gundi, wala majivu, wala dawa ya meno, wala mafuta ya gari. Mmenisikia?"

"Tumesikia, mwalimu!" wakaitikia kama watoto wa darasa la kwanza, wakacheka. Fundi alicheka kuliko wote. Kipara akawa gumzo la karakana wiki mbili nzima. Kila aliyepita bombani alimuuliza kama anahitaji kuogeshwa.

Wiki mbili tu. Kisha patasi ikamteleza Fundi.

Alikuwa anachimba tundu la bawaba kwenye fremu ya mlango. Mkono wa kulia unasukuma, wa kushoto umeshika ubao, mahali ambapo humkataza kila mwanafunzi kuweka mkono. Patasi ilipita fundo la mti, ikaruka, ikazama kwenye nyama nene iliyo chini ya kidole gumba. Ilizama mpaka akahisi imegota kwenye kitu kigumu.

Kipara alikuwa wa kwanza kufika. "Twende kwa shemeji."

"Nani? Mimi?"

"Kwani aliyechomwa ni ubao?"

Fundi akaangalia nyuso zilizokuwa zinamtazama, zile zilizocheka wiki mbili. Akaiona sindano akilini. Mtu mzima yule, mwenye mabega ya kubebea kabati peke yake, alikuwa akiogopa sindano kuliko kaburi. Zaidi ya hapo, aliona aibu ya mwalimu kumkuta mume wake mwenyewe amefeli mtihani.

Akabana mpaka damu ikapungua. Akachukua gundi.

Kipara akatikisa kichwa. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kifo kiumbue nini, kidonda cha ncha ya patasi? Na ukimwambia shemeji yako, urafiki umekwisha."

Aliziba kwa gundi na vumbi la mbao nyekundu. Kesho yake, gundi ilipokauka, akaipiga msasa ikawa sawa na ngozi.

Aliufunga mkono kwa utambi wa kitambaa, na nyumbani akasema ni mkwaruzo. Mkewe akataka kuona. Fundi akamwambia kuwa Kipara amemwosha bombani kwa sabuni, kama alivyofundishwa. Mkewe akafurahi. Hakuuliza tena, kwa kuwa katika miaka tisa ya ndoa hakuwahi kumshika na uongo. Siku ya pili mkono ulianza kupwita. Siku ya tatu ulikuwa na moto. Usiku mkewe alimgusa shingo.

"Mbona unaungua?"

"Joto la bati hili."

Ulikuwa msimu wa joto na nyumba ni ya bati. Akaamini. Akaenda kufungua dirisha.

Siku ya tano asubuhi Fundi alishika kikombe kwa mkono wa kushoto, kikamponyoka. Chai ikamwagika mezani. Mkewe hakukiangalia kikombe. Alikuwa anavuta pumzi kwa pua, polepole.

"Lete mkono."

"Ni gundi tu inanuka."

"Gundi naijua. Imelala humu ndani nami miaka tisa. Hii si gundi. Lete mkono."

Akaufungua ule utambi. Kiganja kilikuwa kimevimba kimekuwa cheupe kwa kutuna, kinang'aa, na chini ya kidole gumba mstari wa mbao nyekundu, umenyooka, laini. Aliutazama.

"Kazi safi," akasema. "Ingekuwa stuli ningeinunua."

Fundi akajaribu kutabasamu. Ndipo alipouona uso wake, akaacha. Mkewe aliingiza vidole kwapani mwake akabonyeza, na Fundi akaruka. Kisha akamgeuza mkono kwenye mwanga. Kutoka kwenye kifundo, mstari mwekundu ulikuwa unapanda ndani ya mkono, unaelekea kwenye kiwiko.

"Siku ngapi?"

"Nne. Hii ya tano."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele, Fundi angejua la kufanya. Alinyoosha mkono, akaichomoa penseli ya useremala iliyokuwa sikioni mwa mumewe, akailamba ncha, akachora alama pale wekundu ulipoishia. "Saa mbili kasoro," akasema, akaiandika saa hiyo pembeni ya alama. Miaka yote Fundi alikuwa anapima mbao kwa penseli ile. Leo ubao ni yeye.

"Si uitoe tu hiyo gundi mwenyewe," Fundi akasema. "Wewe si unajua?"

"Hapa mezani? Kwa kitu gani, kwa kijiko? Kidonda hiki kimenipita. Hata zahanati kimeipita. Vaa viatu. Twende hospitali kubwa."

Walipofika, foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Watu wa vikohozi, watu wa matumbo, akina mama na watoto. Karani alimtazama Fundi, mtu mzima, amesimama kwa miguu yake, kidonda kidogo. Akasema, "Kaeni mwisho, mama."

Mkewe aliuweka mkono wa Fundi juu ya meza ya karani, juu ya madaftari yake.

"Mwanangu, tazama hapa. Hii alama nimeichora saa mbili kasoro. Sasa hivi ni saa nne. Wekundu uko wapi?"

Karani akatazama. Wekundu ulikuwa umeivuka alama kwa upana wa vidole viwili. Hata yeye, ambaye kazi yake ilikuwa kalamu, alisoma. Akainuka na kwenda kumwita daktari.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Aliminya, akaangalia kwapa, akapima homa. Akasema wazi, akiwatazama wote wawili: "Sumu inapanda. Tutafungua, tutaosha, tutampa dawa ya mshipa. Isiposhuka kwa siku mbili, nitaukata mkono kabla haujamchukua yeye mwenyewe. Nataka mjue sasa hivi."

Fundi alikitazama kiganja chake. Mkono wa kushoto ndio unaoshika randa mbele. Bila huo hakuna randa, hakuna msumeno, hakuna patasi. Alikuwa na miaka thelathini na minne na hajui kitu kingine chini ya jua. Hata jina lake alikuwa anaandika kwa kuchora.

"Sitabisha," mkewe akasema. "Fungua."

Sindano ya pepopunda alichomwa, na nyingine tatu. Hakukumbuka hata kuziogopa. Walipokifungua kidonda, usaha ulitoka na vumbi la mbao ndani yake, jekundu bado, na daktari akaosha kwa maji mengi, chupa juu ya chupa, akaondoa nyama iliyokufa, akaosha tena. Kisha akaweka kitambaa chenye unyevu, akafunika. Hakushona.

Siku mbili mkewe alikaa kwenye stuli kando ya kitanda. Alama za penseli ziliongezeka: saa sita, saa kumi, alfajiri. Kila baada ya muda alikuwa anainuka, anatazama mkono, anakaa. Fundi alijifunza kusoma mgongo wake. Alama ya saa kumi ya siku ya pili wekundu haukuivuka. Ya jioni, ulikuwa umerudi nyuma upana wa ukucha. Mkewe akaiangalia mara tatu. Kisha akatoka nje kwenye kibaraza, na Fundi akasikia mtu anapiga chafya nyingi, moja baada ya nyingine, na akajua si chafya.

Mkono haukukatwa.

Nyumbani kazi ilikuwa wiki sita. Kila siku mkewe alinawa, akachemsha maji na chumvi kidogo, akayaacha yapoe, akaosha shimo lile, akaweka kitambaa kipya. Maneno yake yalikuwa manne: nyanyua, geuza, tulia, haya. Alimwita "Mheshimiwa". Akiwa na furaha humwita Fundi. Neno Mheshimiwa aliliweka kwa siku za hasira tu.

Siku moja Fundi alishindwa kuvumilia. "Mbona hamshoni? Mtu anaona mpaka ndani."

"Mheshimiwa, ubao unauziba juu na kazi imekwisha. Nyama inaota kutoka chini kupanda juu. Kilichooza hakifungiwi. Kinaachwa wazi kinaoshwa, mpaka chini pajae penyewe. Nyanyua."

Akanyanyua. Kila siku alichungulia ndani ya kiganja chake mwenyewe, na kweli, chini palikuwa panapanda: nyama nyekundu, yenye vichembe vidogo kama mtama, kila siku kidogo. Hakuwahi kuona kazi inayokwenda taratibu namna ile. Hakuna nyundo ambayo ingeiharakisha.

Ilipofika wiki ya saba ngozi ilikuwa imekutana. Kidole gumba kilikuwa kigumu, hakikunjiki vizuri, na hakijakunjika vizuri tena mpaka leo. Lakini kilikuwepo.

Walikwenda karakana pamoja. Mkewe alibeba kopo la biskuti limejaa vitambaa vilivyopigwa pasi na kipande cha sabuni, akalipigilia rafu yake ukutani mwenyewe, na akawaambia atakayefuta vanishi kwa vitambaa vile atageuzwa yeye kuwa kitambaa cha kufutia. Kipara akaapa kwa niaba ya wote. Kisha wakamwachia Fundi nafasi kwenye meza.

Aliweka ubao wa msonobari. Akaishika randa, kulia nyuma, kushoto mbele. Kidole gumba kilikataa. Akakipanga upya, kikalala kando badala ya juu. Akasukuma. Randa ikagoma, ikaruka. Hakuna aliyecheka. Akasukuma tena, na mara hii ikaimba, na utepe mrefu wa mbao ukatoka juu yake, mwembamba, ukajikunja, ukaanguka miguuni pake. Kipara akapiga makofi. Wote wakapiga makofi.

Fundi akageuka kumtafuta mkewe. Alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono, hacheki wala halii. Wenzake wakaelewa, wakajitia kupanga mbao upande wa nyuma.

Akamfuata. "Mkono umepona," akasema. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno, akasema lililokuwepo. "Bado umenikasirikia kwa gundi?"

Mkewe aliuchukua ule mkono, akaugeuza, akapitisha kidole juu ya kovu. Miaka arobaini na moja imepita tangu pale. Fundi hajui kuandika, lakini maneno yale hayajampungukia hata moja. Alisema:

"Gundi nimeisamehe. Watu nisiowajua wananipa mikono yao, wananiambia panapouma. Wewe ulilala ubavuni kwangu siku nne, nikakuuliza, ukaniambia ni joto la bati."